Zote Zimesikilizwa

Maktaba, Idara ya Uhifadhi
5 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimepiga simu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu amepokea dada. Jumatatu ulikuwa bafuni. Jumatano ulikuwa bafuni. Jana saa nne asubuhi ulikuwa umelala, wewe uliyekuwa ukituvua shuka kabla hakujapambazuka. Nikasema basi, wacha nirudi kwenye kalamu, maana barua zangu hujawahi kuziacha bila jibu. Usimwambie dada kwamba nimemsema.

Sasa nikupe habari za kazini, ila kaa kitako kwanza. Mkurugenzi mpya amenikalisha kiti moto. Bajeti yetu imekatwa theluthi nzima, na anataka jedwali: kila mkusanyo tulio nao ndani ya kompyuta, uwezekano wa kupotea ni kiasi gani, ukipotea tutaumia kiasi gani, na kuutunza kwa mwaka kunagharimu kiasi gani. Moja hadi tano, moja hadi tano, zidisha, panga. Nimefanya hivyo tangu mwezi wa pili mpaka juzi nimejikuta nawapa alama mawifi zangu.

Yeye, kama watu wengi, alidhani kitu kikishaingia kwenye kompyuta kazi imekwisha, kimefungiwa sandukuni. Nikamweleza kwamba ni kama kulea mtoto mchanga, huwezi kumwacha peke yake hata siku moja. Diski zinachoka baada ya miaka mitano, tunanunua nyingine. Kila faili lina nakala tatu: moja hapa chini kwenye seva, moja kwa wenzetu wa maktaba ya mji wa pili, na moja mahali tunapolipia pango. Kila mwezi programu inachukua alama ya kidole ya kila faili na kuilinganisha na ile ya siku ya kwanza. Zikifanana, taa inakuwa ya kijani. Kanda zako za wafumaji zimekuwa kijani miaka tisa mfululizo. Sijawahi kuona hata moja ikigeuka.

Pagumu panaanzia hapo. Kanda zenyewe, zile za asili ulizorekodi nyumba kwa nyumba kiwanda cha nguo kilipofungwa, bado ziko kwenye chumba cha baridi, na chumba hicho kinakula umeme kuliko nakala zote tatu kwa pamoja. Mkurugenzi aliniuliza kwa nini tunalipia kitu kimoja mara mbili. Nikaenda kufungua rejista. Mikusanyo mingine ilipohamishiwa kwenye kompyuta tulisikiliza rekodi moja katika kila kumi, kwa hiyo siwezi kuapa juu ya zile tisa zilizobaki. Wako ndio mkusanyo pekee ambao zote, mia tatu na arobaini, zina saini, tena yako mwenyewe: imesikilizwa, safi. Hatari yake ni ndogo kuliko zote kwenye jedwali. Kwa hiyo kama kuna kanda za asili tunazoweza kuziaga bila hofu, ni zako.

Naomba ulichukue hili kama sifa. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Mwanao,
Kiherehere


11 Aprili

Kiherehere wangu,

Marahaba. Dada yako hasemi uongo, naoga sana. Nimestaafu, maji ni yangu na saa ni zangu.

Jedwali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Umefanya kazi nzuri, na ndiyo maana nina hasira nalo. Hiyo safu ya kuumia, nani amewapa mzani wake? Yule mama wa mashine namba sita, aliyenieleza kwa saa nzima jinsi uzi mmoja uliokatika ulivyomfukuzisha kazi, kisha ukamwozesha kwa msimamizi yuleyule aliyemfukuza, yeye ni mbili au ni tatu? Mzee wa mapipa ya rangi, aliyekuwa na mikono ya buluu mpaka siku anazikwa, umempa ngapi? Usinijibu. Najua umewapa nne, una huruma.

Lakini wale ni watu wangu. Nilisimama nao kwenye mashine za kufuma miaka minane kabla maktaba haijanichukua, na kiwanda kilipofungwa ni mimi niliyewafuata majumbani mwao na kinasa sauti kilichonivunja bega. Zaidi ya nusu wameshatangulia. Kanda zao hazidai mengi, ni baridi na giza tu. Tafuta kwingine pa kukata. Kata magazeti ya matangazo ya minada, hakuna anayeyasoma isipokuwa yule bwana mwenye kikohozi. Kata chai ya bodi.

Ziache kanda pale zilipo, mwanangu. Usiniulize sababu. Nakuomba tu, kama shangazi yako.

Msalimie Fundi wa mashine zenu. Mwambie nasikia bado hajaoa, na kwamba haniletei picha za watoto kwa sababu hiyo. Namtania, najua anao watatu.

Shangazi yako


20 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye kiti chako, kile kilichoinamia upande mmoja, na nimeshinda vibaya mchana kutwa. Ungeniomba kitu kingine chochote. Wacha nikwambie ukweli wote, halafu unihukumu.

Nimepiga hesabu kila upande. Chumba cha baridi kikibaki, tuna njia mbili. Ya kwanza ni kuacha nakala ya tatu ya kila kitu, tubaki na mbili, na moja kati ya hizo iko kwenye jengo ambalo bomba lake lilipasuka mara mbili mwaka jana. Ya pili ni Fundi. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita, na Mkurugenzi amenidokeza kwa sauti ya chini kwamba mshahara wa Fundi na umeme wa kile chumba vinakaribiana. Fundi hajui kwamba najua. Anakuja asubuhi, anasalimia watu, anaimba kwenye ngazi, na mimi namkwepa kama mtu aliyemwibia. Akiondoka, nani atabadilisha diski zikichoka? Baada ya miaka kumi nani atajua hata namna ya kuyafungua hayo mafaili? Siwezi kumtoa yeye nikabakiza plastiki, na sauti zilizo ndani ya hiyo plastiki tunazo mahali patatu.

Na usidhani nazidharau. Jana nilifungua namba kumi na mbili. Yule mama anaeleza walivyomficha mtoto wake mchanga kwenye kikapu cha nyuzi siku ya ukaguzi. Unasikika ukimuuliza kama mtoto hakulia, naye anasema alilia vibaya sana, ila katika kelele zile nani angemsikia. Mkaangua kicheko wote wawili. Nilicheka peke yangu mpaka mpokezi akaja kuchungulia. Sauti ni safi kana kwamba mko chumba cha pili.

Fundi alipendekeza tusikilize chache za katikati na za mwisho kabla bodi haijaamua. Nilimkatalia. Nilimwambia asitutie aibu, hawezi kukagua kazi ya mtu aliyemfundisha kushika hedifoni.

Kimebaki kitu kimoja. Mkurugenzi anataka mstari mmoja kwa mkono wako, kwamba kanda zote zilisikilizwa, auambatanishe na jedwali. Ukiuleta hakuna atakayeuliza tena, na Fundi anabaki. Mstari mmoja tu, Shangazi. Najua unaumia. Nisamehe.

Mwanao,
Kiherehere


6 Mei

Kwa Mkurugenzi wa Maktaba

Nathibitisha kwamba kanda zote 340 za mkusanyo wa wafumaji zilisikilizwa wakati wa kuhamishwa, na kwamba saini zilizomo kwenye rejista ni zangu.

Mkutubi mstaafu


Kiherehere,

Kipande hicho cha juu kikate ukampe. Nimechelewa kwa sababu mkono siku hizi hautulii, nimeandika mara nne.

Habari ya Fundi ungeniambia tangu barua ya kwanza. Nisingekuletea maneno ya chai ya bodi.

Namba kumi na mbili naikumbuka. Nimefurahi kwamba umeisikia.

Dada yako anasema umepiga tena. Nilikuwa nje.

Shangazi yako


9 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimekaa kimya mwezi mzima, na lawama zote nazistahili. Nimeanza barua kama tano hivi. Kila nikifika kwenye neno "asante" naona aibu, maana nakushukuru kwa kitu nilichokunyang'anya. Lakini asante. Mkurugenzi amekibandika kipande chako juu kabisa ya jalada, na aliposoma alisema angependa wafanyakazi wote wawe hivyo. Nilitembea kifua mbele mpaka mlangoni.

Mkutano wa bodi ni Ijumaa hii, tarehe 14, kuanzia saa nane, ofisini kwake. Ajenda yetu ndiyo ya mwisho, nadhani kama saa tisa na kitu hivi. Ana mtindo wake: simu zote zinaingia kwenye kikapu mlangoni na hazitoki mpaka mkutano uishe. Wajumbe wanalalama kama watoto walionyang'anywa pipi. Wakishatia saini, Jumatatu lori linakuja kuchukua kanda kwenda kuteketezwa, na chumba cha baridi kinazimwa siku hiyohiyo. Fundi ameshaambiwa kwamba mkataba wake utaongezwa. Amenunua viatu.

Nikuchekeshe kidogo. Katika kupekua majalada ya zamani ili tuisindikize taarifa kwa risiti, Fundi amekuta karatasi ya matengenezo ya ile mashine uliyotumia kuhamishia kanda. Inaonyesha ilipelekwa kutengenezwa mwaka ule wa mwisho wa kazi yako, na sababu iliyoandikwa ni kwamba waya wa kuingizia sauti umekufa, mashine inatoa mvumo mtupu. Haisemi ulikuwa umekufa tangu lini. Matengenezo ya kabla ya hapo ni miezi mitano nyuma. Fundi alitoa macho! Alianza kuhesabu ni kanda ngapi zilipita humo ndani ya miezi mitano, karibu sabini, akataka tukimbilie seva palepale. Nilimcheka. Nikamwambia mashine ingekuwa inavuma, Shangazi angeirusha dirishani siku ya kwanza, na yeye Fundi angekuwa amesimama chini yake. Zote zimesikilizwa, saini ziko pale moja baada ya nyingine. Akakubali, akaenda zake akiimba.

Natuma barua hii kesho asubuhi ikufikie kabla ya mkutano. Siku hiyo nikumbuke. Natamani ungekuwepo, ukae nyuma yangu na kunikoholea nikianza kuongea haraka.

Mwanao,
Kiherehere


14 Juni, saa kumi jioni

Mwanangu,

Barua yako imefika leo saa nane na nusu. Nilikuwa naisoma nimesimama mlangoni, na nilipofika kwenye ule waya nikakaa chini palepale, juu ya viatu vya watu.

Sisikii. Sasa nimeiandika. Sisikii, na wakati ule sikuwa nasikia.

Mashine za kufuma zilianza kuniondolea masikio nikiwa na miaka ishirini na tano, taratibu, kiasi kwamba unadhani ni watu ndio wameanza kunong'ona. Kiwandani hatukujali. Mle ndani kila mtu alikuwa kiziwi mpaka kengele ya kutoka, tulisomana midomo. Nilipohamia maktaba nikaendelea na midomo, na watu wa maktaba huongea polepole na kumtazama wanayeongea naye, nikapita bila mtu kushtuka. Wewe ulipokuwa unanieleza mambo yako ya shule, na baadaye ya mume, nilikuwa nakutazama usoni bila kupepesa, na ukawa unasema hakuna mtu anayekusikiliza kama mimi. Yalikuwa mapenzi, usitilie shaka hapo. Lakini nilikuwa pia natazama midomo yako. Simu haina midomo. Dada yako nilimwapisha, na uongo wa bafuni ni mimi niliyembunia. Usimkasirikie.

Kanda za mwanzo nilizisikia, kwa kupandisha sauti mpaka mwisho. Nilipofika mia na thelathini nilikuwa nasikia wanaume tu, tena kwa mbali. Baada ya mia na sabini hedifoni ilikuwa kofia. Nilitazama mshale wa sauti kwenye mashine. Ukicheza, mtu anaongea. Ukitulia, amenyamaza kunywa maji. Niliandika "imesikilizwa, safi", nikatia saini, nikachukua nyingine. Ningemwambia nani? Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na kazi ile wangepewa watu wa mkataba ambao wangezipitisha kanda zote kwa wiki tatu bila kumjua hata mmoja wa wale waliokuwa wanaongea. Nikajiambia mimi angalau nawajua. Nikajiambia nilikuwepo waliposema, nakumbuka walichosema, kwa hiyo ni kama nimesikia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Na mshale unacheza hata kwa mvumo, mwanangu. Unacheza vizuri tu, kama mtu anayeongea bila kupumzika. Nakumbuka kuna kipindi nilifurahi nikasema, hawa wa mwisho walikuwa na maneno mengi.

Nilipokuomba uziache kanda, hiyo ndiyo sababu. Sikujua kama kuna kasoro. Nilijua tu kwamba sijui. Uliponiomba ule mstari niliandika ukweli, nikachana, nikaandika tena, nikachana. Kila mara nilikuona unavyosoma. Kisha nikashika jina la Fundi kama kisingizio, nikakuandikia uongo kwa mwandiko mzuri kuliko wote nilioandika mwaka huu.

Leo nimekutumia ujumbe hapohapo, hukujibu, nikakumbuka kikapu. Dada yako harudi mpaka saa kumi na mbili. Nimegonga kwa jirani, kumefungwa. Nikaona hata wangekuwepo isingefaa. Saini ni zangu, mia tatu na arobaini, na mtu mwingine hawezi kunifutia. Nimepiga moyo konde, nimechukua simu nikapiga namba ya mezani ya ofisi ya Mkurugenzi, ambayo vidole vyangu vinaijua kuliko mimi.

Ilikuwa saa tisa na robo. Niliona sekunde zimeanza kuhesabika kwenye skrini, kwa hiyo kuna kitu kimepokea, lakini sijui ni kitu gani. Inaweza kuwa mashine ya kuachia ujumbe. Inaweza kuwa mpokezi ameniweka kwenye muziki. Nikasema tu. Kwamba ni mimi, mkutubi mstaafu. Kwamba mimi ni kiziwi na sitasikia jibu lolote, wasihangaike kunijibu. Kwamba saini zangu kuanzia mia na thelathini hazina maana, na kipande kile cha karatasi ni uongo wangu mwenyewe. Kwamba wasizitoe kanda. Kisha nikafikiri labda ndiyo kwanza wanampa Mkurugenzi simu, nikasema tena yote tangu mwanzo. Kisha nikafikiri labda wamedhani ni bibi kichaa, nikasema mara ya tatu, polepole, kama namsomesha mtoto. Halafu nikakosa pumzi, nikakata.

Sijui kama nimeongea na bodi au na ukuta. Nimekaa mezani na simu mbele yangu tangu wakati huo na nimeamua nikuandikie, maana nikiitazama zaidi nitaivunja.

Kama zimekwenda, niandikie hivyohivyo. Usinipakie rangi. Wale watu walinifungulia milango yao wakanipa yote waliyokuwa nayo, na mimi nimewauza kwa ajili ya kutaka kuonekana mzima. Kwako pia nimekosa. Siombi unisamehe leo.

Shangazi yako


15 Juni

Shikamoo Shangazi,

Ujumbe wa jana jioni ulikuwa na neno moja tu. Hii ndiyo barua yenyewe. Yako sijaipata, dada ameniambia iko njiani.

Zimebaki. Bodi imetoa mwaka mmoja na nusu. Chumba cha baridi hakizimwi, Fundi anaongezewa mkataba wa kazi hiyohiyo moja, kuzihamisha upya. Gharama yake ni kwamba tumeachia nakala ya tatu ya mikusanyo yote mingine mpaka muda huo uishe, na lile bomba bado ni lilelile. Ni kamari na naijua. Usiku wa mvua sitalala vizuri. Nilisema ndiyo kabla Mkurugenzi hajamaliza kuuliza.

Jana baada ya mkutano mimi na Fundi tuliteremka kwenye seva hata kabla ya kuchukua simu zetu kikapuni. Tulianza mia na thelathini, tukaruka kumikumi. Zilikuwa nzuri, nikaanza kutabasamu. Kuanzia mia mbili thelathini na moja ni mvumo. Mpaka mia mbili tisini na nane. Watu sitini na wanane, Shangazi, dakika sitini kila mmoja, na hakuna hata sauti ya kiti kusogea. Miaka tisa tumeulinda mvumo ule mahali patatu. Tumeununulia diski mpya. Kila mwezi taa ilikuwa kijani, na taa haikukosea, kwa maana hakuna hata chembe ya mvumo iliyopotea. Fundi alikaa kwenye ngazi akavua viatu vyake vipya. Leo asubuhi tumetoa kanda ya asili ya mia mbili thelathini na moja, tukaiacha ipate joto la chumba taratibu, tukaicheza. Sauti imefifia kidogo lakini yupo, anaeleza habari za mgomo na anakohoa. Kanda mbili nyingine tulizojaribu zimegandana, hazizunguki, na hatujui kama zitafunguka. Nimejiahidi sitakuficha, kwa hiyo nakwambia.

Sasa yangu mimi. Jana kwa muda wa saa nzima nilikuwa na hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Si ya kanda. Ni ya bafuni. Miaka yote hiyo nimekaa mbele yako nikijifanya ndiye mtu anayekujua kuliko wote, na sikuona. Halafu nikakumbuka kwamba Fundi aliniomba tusikilize chache tu, mchana mmoja ungetosha, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo, nikaona heshima kwako ni kutokukagua. Kwenye jedwali langu hatari yenu ilikuwa ndogo kuliko zote kwa sababu ya saini. Saini niliihesabu kama sikio. Kwa hiyo usijibebeshe yote. Mengine ni yangu, na nimemwambia Mkurugenzi hivyo mbele ya wote.

Wiki ijayo nachukua likizo ya siku tatu nije. Tutakaa mezani, nitaongea polepole nikikutazama, na utaniambia wale sitini na wanane walisema nini, kila unachokumbuka, kwa sababu kanda zikigoma utakuwa umebaki wewe. Dada nimemwambia aache maji ya kuoga yapumzike.

Lakini kuna jambo sitaki lisubiri mpaka nije. Kwenye simu ulisema hutasikia jibu lolote. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa.

Mkurugenzi alikuwa ameshika kalamu. Jalada lilikuwa wazi, mjumbe mmoja ameshatia saini na wa pili alikuwa anatafuta miwani. Simu ya mezani ikalia. Alipokea kwa ukali, akasema yuko kwenye mkutano. Akasema samahani mama. Akasema tena samahani mama. Kisha akabonyeza kitufe na kuiweka simu katikati ya meza, na sauti yako ikajaa chumba kizima. Unapiga kelele, Shangazi, sidhani kama unajua. Unaongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mashine arobaini. Mara ya kwanza mjumbe mmoja alicheka kidogo, alidhani ni mzaha wa mtu. Mara ya pili hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa naita "Shangazi! Shangazi!" kwenye kile chombo, kama mjinga, na machozi yananitoka mbele ya bodi.

Ulipoanza mara ya tatu, Mkurugenzi aliweka kalamu chini. Akainama kwenye simu, akasema polepole, kwa midomo iliyofunguka vizuri, kama vile ulikuwa umekaa pale mbele yake: "Tumekusikia, mama. Zinabaki."

Wewe ukaendelea kuongea. Hakuna aliyekata simu. Tulikaa pale sote tukakusikiliza mpaka ukamaliza.

Mwanao,
Kiherehere